Nyumba tuliyohamia Nzuguni kiwanja chote ni kichaka, nianzie wapi kabla ya mvua?

Swali lilikuja refu nalifupisha. Dada mmoja kahamia Dodoma na familia yake kutoka Dar, wamenunua nyumba Nzuguni iliyokaa bila mtu kama miaka minne. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa na bustani na mizabibu kwenye waya, sa hivi ni kichaka mpaka dirishani. Mume wake anataka kuita greda liparue siku moja yaishe, jirani anasema wapige dawa, mama mkwe anasema wachome moto. Yeye mwenyewe anataka sehemu ya mboga, kivuli cha watoto kuchezea, na kujua kama ile mizabibu itapona. Anauliza aanze na nini maana Oktoba hii inaisha na mvua ziko njiani. Mwishoni kauliza kuhusu mmea wenye maua meupe marefu uliojaa karibu na bomba la nje.

Dada yangu karibu Dodoma, na pole na vumbi. Mimi ni bwana shamba, kazi yangu karibu yote nimeifanyia huku ukanda wa kati, na swali lako kila mwaka mwezi huu nalisikia hasa tangu serikali ihamie huku na watu wa Dar na Mwanza wamenunua nyumba. Nianze na la mume wako: mwambie kwa heshima zote greda hapana. Moto hapana. Dawa tutaiongelea huko chini lakini jibu langu kwa sasa hivi ni hapana vilevile.

Sababu ni udongo. Dodoma tunapata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, tena haishuki kistaarabu kama ile ya Lushoto ya kunyunyiza asubuhi mpaka jioni, huku inakuja kwa hasira nusu saa imemwaga imeondoka. Udongo wa juu wenye uhai ni mwembamba, sehemu nyingi ukichimba kidogo tu unagonga tabaka gumu sululu inaruka. Sasa greda likipita linachukua kile kiudongo cha juu chote linakisukumia pembeni kwenye kona ya ukuta pamoja na nyasi na mifuko ya plastiki, wewe unabaki na lile gumu, pasafi kweli, pamenyooka, mume anafurahi anapiga picha. Mvua ya kwanza ikija inateleza juu yake kama kwenye sementi inaenda kwenye msingi wa nyumba au kwa jirani. Nimeona viwanja vya namna hiyo Ihumwa na Iyumbu, mwaka wa pili kuna mfereji unaingia mguu mzima.

Na hili sio geni mkoa huu. Kule Kondoa ardhi iliwahi kuharibika mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi ili majani na miti virudi vyenyewe. Vikarudi. Kwa hiyo hicho kichaka unachokiona kero, kwa miaka minne kimekuwa kinafanya kazi ambayo mwenye nyumba hakuwepo kuifanya, kimeshika udongo, kimeangusha majani, na mizizi yake imepasua pasua lile tabaka gumu. Lengo lako ni kukiondoa kidogo kidogo huku ukichagua cha kubaki. Ukikiondoa chote kwa mkupuo mmoja kabla ya mvua umejitafutia kazi mpya.

Haya, kazi yenyewe. Kabla mtu yeyote hajaingia mle na panga, na watoto wasiingie kabisa kwa sasa, tafuta mashimo. Nyumba ya miaka ile lazima ina karo na shimo la maji machafu, pengine na shimo la choo cha zamani la mafundi waliokuwa wanajenga, na mifuniko ikiwa ya zege jembamba au mabati yaliyooza juu yake nyasi zimefunika huoni kitu. Anzia chooni ndani, angalia bomba la kutokea linaelekea wapi, fuata mstari huo nje kwa mti mrefu unachokoa mbele yako kabla hujakanyaga, ukisikia sauti ya utupu simama hapo. Ukipata chemba zungushia mawe na ufunge kitambaa. Fanya hivyo hivyo kwa bomba la maji kutoka mita mpaka nyumbani, sululu ya kibarua ikitoboa bomba bili ni yako.

Halafu bikoni. Hii watu wanaisahau. Kiwanja kilichopimwa kina bikoni kwenye kona, kigingi kidogo cha zege chenye namba, ambacho sa hivi kitakuwa kimefunikwa na udongo na majani. Tafuta zote, zisafishe, pakaa rangi. Greda ndo adui mkubwa wa bikoni, linaing'oa dereva hata hajui, na baadae wewe na jirani mnaanza kuulizana mpaka uko wapi, kumrudisha mpimaji ni hela.

Nyoka na nge wapo, nisikudanganye. Wa kuogopwa zaidi kwenye nyasi kavu ni kifutu, kwa sababu yeye hakimbii, analala pale pale rangi yake kama majani makavu akingoja umkanyage, wenzake wengi wakisikia kishindo wanaondoka. Kwa hiyo mabuti marefu, suruali nzito, glavu, na sheria moja: mkono hauingii mahali jicho halijaingia. Rundo la matofali, mabati, magogo, vigeuze kwa ndoano ya reki au mti mrefu ukiwa umesimama upande wa pili. Fanya kazi kutoka mlangoni kwenda nje, usianzie katikati, ili wanaokimbia wakimbilie mbali na nyumba. Akiumwa mtu usichanje, usifunge kamba kwa nguvu, usinyonye, mvue pete na bangili, mtulize asitembee, kile kiungo kisichezechezwe, hospitali haraka.

Wiki ya kwanza nataka ufanye vitu viwili tu. Fyeka mkanda wa kama mita mbili au tatu kuzunguka nyumba yote, na fyeka njia za kupita, moja ya kwenda kwenye mizabibu, moja kwenye kona ya nyuma, moja pembeni ya ukuta. Basi. Nyasi zilizofyekwa usizitupe, zitandaze palepale isipokuwa kwenye ule mkanda wa nyumba, pale zitoe maana mchwa wanapenda chakula kikavu karibu na ukuta kisha wanapanda kwenye fremu za milango. Baada ya hapo tembea humo njiani na daftari na vitambaa. Vitambaa vya rangi, chana kanga kuukuu. Kila kitu unachotaka kibaki kifunge kitambaa.

Hapa naiba ujuzi wa vijijini kwetu. Ukienda Mpwapwa, Kongwa, Chamwino utakuta wakulima wamefundishwa Kisiki Hai, ni njia rahisi mpaka watu wanaidharau: badala ya kupanda miche inayokufa kiangazi, unatafuta kisiki ambacho mizizi yake bado hai chini, kimetoa machipukizi mengi kama ufagio, unachagua machache yaliyonyooka na yenye nguvu, mawili mpaka matano, mengine unayakata, yale uliyoyaacha unayapunguzia matawi ya chini na kufunga kitambaa ili kila mtu ajue huyu analindwa. Mti uliotoka kwenye kisiki unakimbia mara kadhaa zaidi ya mche wa kununua kwa sababu mzizi wake ulishashuka chini kwenye unyevu miaka mingi. Kwenye kiwanja chako kuna visiki vya namna hii, nakuhakikishia, mwarobaini ukikatwa unachipua, mkwaju unachipua, mgunga ndo usiseme. Kile unachokiona kichaka cha miiba kwenye kona inawezekana ni mgunga mmoja tu uliokatwa na mafundi ukakasirika. Uchague shina moja au mawili, miaka mitatu minne una kivuli. Mkomamanga pia unafanya hivyo hivyo, na mpera.

Sasa vibarua. Usiwape kazi ya kipande. Najua kipande kinaonekana nafuu, unasema chukua hiki hela yako hii maliza, lakini mtu wa kipande anafyeka kila kitu kinachosimama, kitambaa kiwepo kisiwepo, na saa nne asubuhi mizabibu yako imelala chini. Walipe kwa siku, wawe wawili tu, na wewe au mume wako awepo. Na ukipata mzee wa mtaani pale Nzuguni anayejua miti mlipe hata asishike panga, atembee tu na wewe akuambie hiki nini hiki nini.

Tuje kwenye zabibu ambazo naona ndo zimekuuma roho, na una haki. Kwanza angalia kama ziko hai. Mzabibu mzee una ganda linalochanika marefu marefu kama nyuzi za katani, usiogope, ndivyo ulivyo, haumwi. Kwaruza kwa kucha au kisu sehemu ndogo chini ya hilo ganda: kijani chenye unyevu, hai, kahawia kavu, sehemu hiyo imekufa, shuka chini kidogo kwaruza tena. Mara nyingi juu kumekufa lakini shina chini karibu na ardhi liko hai na limetoa machipukizi.

Usivute. Hili ndo kosa la kila mtu, anaona tawi refu limejisokota kwenye waya analivuta linakuja na waya, waya unakuja na nguzo ambayo mchwa walishaila chini, na nguzo inaangukia mzabibu. Kata vipande vifupi vifupi kwa mkasi wa kupogolea, kila kipande ukitoe kivyake. Kwanza toa vilivyokufa, kisha toa vitambaazi vingine vilivyopanda juu yake, kisha ndo simama urudi nyuma uangalie umbo. Unatafuta shina na mikono, mikono ni yale matawi manene yaliyolala kwenye waya kulia na kushoto. Ukiyaona na yako hai, juu yake kuna fimbo za msimu uliopita, laini, rangi ya kahawia, hizo ndo zinazozaa maana zabibu inatoka kwenye chipukizi la mti wa msimu uliopita, mti mkongwe peke yake unakupa majani tu. Kila fimbo unayoiacha ikate fupi ibaki na macho (vile vifundo vinavyochipua) mawili au matatu, na uache nafasi ya kiganja kati ya moja na nyingine. Ukimaliza utaona umeua. Hujaua.

Kama mikono imekufa, basi chagua chipukizi moja lenye nguvu linalotoka chini ya shina, mengine yote ondoa, lifunge kwenye mti ulionyooka lipande mpaka kwenye waya, hilo ndo shina jipya. Zabibu nyingi za huku zimeoteshwa kwa pingili, hazijabebeshwa juu ya shina la aina nyingine, kwa hiyo kinachotoka chini ni zabibu ile ile.

Kuhusu wakati: Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, msimu wa Februari na Machi, na mwingine Agosti na Septemba, na tangu kupogoa mpaka kuvuna ni kama miezi minne. Kwa hiyo kupogoa mwisho wa Oktoba au Novemba ni kwa kawaida kabisa, ila sharti moja, uwe na maji ya kumwagilia, maana ukiukata mzabibu unaamka na kiu. Kama maji yenu ya bomba yanakuja kwa mgao na hamna tenki, toa vilivyokufa tu sasa, kupogoa kwenyewe subiri mvua zikolee. Na mwaka huu ukiona vishada vimetokea vipunguze, au vitoe vyote kwa shina lile jipya, mti ujenge mwili kwanza. Najua inauma, watoto wameshaona zabibu. Mvua zikianza tazama majani, unga mweupe juu ya jani ni ubwiri unga, unatibiwa na salfa, ila usipige jua la saa sita litaunguza majani. Ukitaka mtu akuangalie kwa macho, TARI Makutupora ni kituo cha utafiti wa zabibu na hapo ulipo sio mbali, nenda na tawi na jani kwenye mfuko ukawaulize, watu wanaagiza ushauri kwa video za nchi nyingine na sisi kituo tunacho mlangoni.

Ndago sasa. Hujaitaja kwa jina ila umesema "vijani vyembamba vinavyorudi kila nikikwangua", hiyo ndo yenyewe. Hakikisha hivi: kata kijiti chake kizungushe kati ya vidole, kina pembe tatu, nyasi ya kawaida ina duara. Chimba taratibu, usivute, utaona uzi mweusi mwembamba mgumu umeshika kidude kama maharage cheusi, ukikivunja ndani cheupe kina harufu kama ya dawa, na kutoka hapo uzi mwingine unaenda kwenye kidude kingine. Ukivuta juu uzi unakatika, kidude kinabaki, kinatoa majani mapya na wewe unasema ndago inarogwa. Ukikwangua kwa jembe kila wiki wakati wa mvua ndo unaikatakata na kuisambaza.

Lakini ina udhaifu, haivumilii kukauka. Na Mungu amekupa Oktoba ya Dodoma, jua na upepo mkavu ambao watu wa Bukoba hawana. Pale tu unapotaka matuta ya mboga, usifanye kiwanja kizima, chimba kwa reki ya meno au jembe uma kina cha kama sentimita 20, maana vidude vingi viko hapo juu, tikisa udongo, vikusanye vitandaze juu ya bati au turubai juani wiki mbili, unavigeuza. Udongo uliobaki uache umevurugika mabonge mabonge, jua liingie, wiki ifuatayo uguse tena. Hutaimaliza yote. Utaipunguza mpaka iwe kitu cha kung'oa kwa mkono jioni unaongea na jirani. Ukoka nao dawa yake ni hii hii, ila ukoka kwenye njia na kwenye mteremko uache, unashika udongo bure. Ukimaliza, hilo eneo lifunike na zile nyasi zilizofyekwa upepo usibebe udongo.

Mbigili, wale wa kuchoma ndala na kutoboa tairi za baiskeli za watoto, sa hivi mmea umeshakauka imebaki miiba chini. Hakuna kupalilia miiba. Chukua gunia kuukuu au kipande cha zulia, lilowanishe kidogo, likokote juu ya ardhi, miiba inanasa, kisha choma hilo gunia kwenye pipa. Mvua ikinyesha itaota mingine na hapo ndo pa kuikamata, inatambaa chini, ina maua madogo ya njano, ing'oe kabla haijatoa mbegu maana mbegu zake zinakaa ardhini miaka.

Dawa ya jirani. Hizi dawa za magugu zenye glaifoseti zinaingia kwa jani, jani bichi linalokua ndo linaishusha mpaka mizizini. Kichaka cha Oktoba kimekauka au kimelala, na majani yake yana vumbi, na vumbi linaishika hiyo dawa linaiua nguvu kabla haijaingia. Maji ya matope ni hivyo hivyo. Kwa hiyo utakuwa umemwaga hela. Kuna nyingine, zile za 2,4-D zinazouzwa kwa ajili ya magugu ya majani mapana kwenye mahindi, hizo zabibu inaziogopa kuliko chochote, ukipiga hata mbali upepo wa huku ukabeba moshi wake kidogo majani ya zabibu yanakunjamana kama feni na msimu umekwisha. Jirani mwenyewe kama anatumia hiyo kaongee naye. Ikifika Januari kuna sehemu sugu, labda ndago kwenye njia ya changarawe, pale unaweza kutumia kidogo, asubuhi hakuna upepo, umevaa vizuri, watoto ndani, na dawa iliyosajiliwa yenye lebo inayosomeka, sio ya kumiminiwa kwenye chupa ya maji ya Kilimanjaro.

Moto wa mama mkwe nimeukataa bila kueleza. Upepo wa mwezi huu ukiwasha kona moja hujui itaishia kwa nani, na kinachoungua ni yale majani yaliyooza ambayo kesho ungekuwa unayanunua kwa jina la mbolea. Tena umesema ukuta wa nyuma ni minyaa. Minyaa ina utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni ni maumivu makali na mtu anaweza asione kwa muda, na moshi wake nao unawasha. Ukiipunguza vaa miwani ya fundi na mikono mirefu, usikate iliyo juu ya kichwa chako, na panga lioshe baadae. Ikimrukia mtu jichoni osha kwa maji mengi safi muda mrefu kisha hospitali. Ila kuiondoa yote sishauri, ni uzio mzuri hauhitaji maji na mbuzi hawaugusi. Kuhusu mbuzi, wale wa jirani wanaweza kukusaidia kushusha kichaka, wafungwe kamba lakini, na wawe mbali na mizabibu, mbuzi akiona ganda la mzabibu amemaliza.

Ukifika mwisho wa Novemba kazi ibadilike. Acha kufyeka, chimba makinga maji. Angalia kiwanja kinateremkia wapi, mwaga ndoo ya maji uone yanakoenda, kisha pingamana na mteremko chimba mifereji mifupi na udongo uuweke upande wa chini. Matawi uliyokata yapange kwenye mstari huo huo. Kila mti uliofungwa kitambaa uchimbie kibeseni cha nusu mwezi upande wa juu. Matuta ya mboga yafanye ya kuzama, sio ya kuinuka, haya ya kuinuka mliyozoea pwani huku yanakauka saa tano asubuhi, chimba chini kiasi cha kiganja, changanya samadi iliyooza kweli, ile isiyonuka, maana mbichi inakuja na mbegu za magugu na inaita mchwa.

Na paa. Bati lenye ukubwa wa mita za mraba 100 kila milimita moja ya mvua inakupa lita 100. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 2,000, toa kidogo inayopotea. Mkinunua simtanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua tatu tu na mkaokoa matuta kwenye vile vipindi vya Januari na Februari mvua inapokata ghafla wiki mbili tatu. Hela mliyotaka kumpa mwenye greda iende huko, mume hapo atakuelewa.

Mvua ya kwanza ikinyesha usipande. Ngoja. Magugu yote yataota kwa pamoja, wiki moja na nusu hivi, kijani kitupu, hapo pita na jembe jepesi juu juu tu usichimbue kina, uyaue yakiwa madogo, kisha ndo weka mbegu zako za mchicha na bamia. Kabla hujakwangua mwite yule mzee au mama yeyote wa Kigogo mtaani aangalie, maana humo kutakuwa na mlenda pori na mgagani, watu wananunua sokoni na wewe unalima uutupe. Acha kona moja. Ila usichume mwenyewe kama hujaonyeshwa.

Mwarobaini ulio karibu na ukuta wa jikoni usiukate, kivuli cha huku si cha kuchezea. Punguza matawi yanayogusa bati, na angalia chemba iko wapi, kama shina liko juu ya bomba la maji machafu kabisa hapo ndo tuongee tena.

La mwisho, huo mmea wa maua meupe kama tarumbeta karibu na bomba. Angalia tunda: kama ni duara lina miiba miiba nje, likikauka linapasuka lina mbegu bapa, na jani ukilisugua linanuka vibaya, huo ni mnanaha. Una sumu mmea mzima, mbegu ndo zaidi, na watoto wanapenda kuchezea yale matunda. Huo usisubiri mpango wote huu, ung'oe leo, uvae glavu, kabla matunda hayajapasuka, yaweke kwenye salfeti ufunge, na osha mikono. Ukiota tena baada ya mvua, na utaota, ng'oa ukiwa mdogo. Kama tunda halina miiba au mmea ni mti wenye shina gumu maua yananing'inia kuelekea chini, nitumie picha ya jani na ua kwa karibu, lakini watoto wasiuguse hata huo.